Muuza duka aliyewajengea watu nyumba ya picha: maswali yenu kuhusu Henry Tate

Tangu nimtaje Henry Tate, yule ambaye jina lake liko kwenye majumba ya sanaa ya London, maswali yenu hayajakoma. Haya hapa machache.

Ni kweli alianza kama muuza duka?

Kweli kabisa. Alizaliwa Chorley, kaskazini mwa Uingereza, mwaka 1819, mtoto wa mchungaji. Akiwa na miaka 13 akapelekwa Liverpool kujifunza kazi kwenye duka la vyakula la kaka yake. Alipofika miaka 20 akawa na duka lake, na kufikia 1855 alikuwa nayo sita. Mali bila daftari huisha bila habari, na huyu daftari alilishika tangu utotoni.

Utajiri mkubwa ulitoka wapi?

Sukari. Mwaka 1859 aliingia ubia katika kiwanda cha kuisafisha, na miaka 10 baadaye kiwanda kikawa chake na wanawe. Enzi hizo sukari ilifika dukani ikiwa pande moja gumu lenye umbo la pia. Muuzaji alilivunja, akalikata kwa koleo, chenga zikatapakaa kaunta nzima. Mjerumani Eugen Langen akabuni njia ya kuigandisha sukari iwe vibao, kisha vibao vikatwe vipande vidogo vya mraba. Tate akanunua haki ya kutumia njia hiyo, na mwaka 1878 akafungua kiwanda Silvertown, mashariki mwa London. Naamini miaka ile ya kusimama nyuma ya mizani ndiyo iliyomwonyesha thamani ya sukari inayohesabika kipande kwa kipande.

Hiyo sukari si jasho la watumwa?

Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kukomesha utumwa katika makoloni yake mwaka 1833, Tate akiwa na miaka 14. Hakumiliki mtumwa. Lakini biashara aliyoingia ilijengwa juu ya migongo ya Waafrika waliolima miwa Karibi, na Liverpool yenyewe ilinenepa kwa meli za watumwa. Anayesifu zawadi zake akaificha miwa amesema nusu ya habari, nami sitaki tuwe hivyo.

Alinunua picha za aina gani?

Za wachoraji wa Uingereza wa zama zake. Aliagiza nyingine zichorwe, na inayonishika mimi ni “Daktari” ya Luke Fildes, ya 1891. Mtoto mgonjwa amelazwa juu ya viti viwili vilivyosogezwa pamoja. Daktari amekaa, kidevu mkononi, hamwondolei macho. Nyuma, gizani, mama ameinamia meza, na baba amemwekea mkono begani. Fildes alikuwa amefiwa na mwanawe mwaka 1877, na uchungu huo unaonekana. Tajiri angeweza kuagiza sura yake mwenyewe. Huyu akamwachia mchoraji achague, na kilichokuja ni kibanda cha maskini.

Kwa nini zawadi ilichelewa kupokelewa?

Mwaka 1889 alitaka kuzitoa picha zake 65 ziwe mali ya taifa. Jumba la sanaa la taifa, kule London, likasema halina nafasi. Akaahidi kulipia jengo jipya, pauni 80,000, serikali itoe kiwanja tu. Wakavutana juu ya kiwanja hadi mwaka 1892 akaiondoa ahadi yake. Mwishowe alipewa Millbank, kando ya Mto Thames, pale palipokuwa na gereza walikofungiwa watu kabla ya kusafirishwa Australia. Milango ikafunguliwa Julai 1897, miaka miwili tu kabla ya kifo chake.

Aliyebaki Liverpool na asiyejali picha alipata nini?

Chuo cha Liverpool kilipata zaidi ya pauni 40,000, na hospitali zikapata pia. Kusini mwa London alijenga maktaba za umma. Ile ya Brixton, iliyofunguliwa 1893, bado inaazima vitabu, na nje yake, kwenye bustani, kuna sanamu ya kichwa chake.