Mbwa jike anatoka damu wiki ya sita: hilo si joto tena

Dada wa Sakina, Arusha, uliyeuliza kuhusu mbwa wako jike anayetoka damu: damu ya joto (kipindi cha kutaka dume) kwa kawaida haizidi wiki 3. Hiyo ya wiki ya sita ina jambo, na kwa hicho kinyama chekundu unachosema kimechomoza ukeni kama koliflawa, mimi nashuku kwanza uvimbe wa zinaa wa mbwa. Kwa jinsi mbwa wa Arusha wanavyozurura usiku, si ajabu. Huambukizwa kwa kupandana na kulambana. Seli za uvimbe zenyewe ndizo zinazohama kutoka mbwa mmoja hadi mwingine. Wewe na paka wako msiwe na hofu, uvimbe huu hauwapati.

GV (ile dawa ya zambarau ya vidonda) acha kupaka, haisaidii kitu. Mwombe daktari wa mifugo agandamize kioo cha maabara juu ya hicho kinyama, kisha akitie rangi kioo hicho, aangalie kwa hadubini. Akisema "tukate tu yaishe", mbishie kidogo: uvimbe ukikatwa bila dawa mara nyingi unarudi.

Dawa yake ni vinkristini (dawa ya saratani), ya mshipani, mara moja kwa wiki, mara nyingi sindano 4 hadi 6. Lazima kanula (kimrija cha kuingiza dawa mshipani) ikae sawasawa, maana dawa ikivujia nje ya mshipa nyama ya mguu inaoza. Kabla ya kila sindano apimwe damu, kwani chembe nyeupe za damu hushuka. Siku chache baada ya sindano vaa glavu ukizoa kinyesi chake, maana mabaki ya dawa hutokea humo.

Wengi hupona kabisa. Na kama kuna dume wa jirani aliyempanda, naye akaguliwe.