Spidi Gavana, Kamera za Gari na Breki za Boda: Majibu Yenu

Haya, wiki hii karibu wote mumeuliza mambo ya barabara, twende.

Matatu zetu zina spidi gavana, mbona kila asubuhi nikija town roho iko mkononi? – Dada wa Mtwapa

Dada, gavana yenyewe yaweza kuwa nzima kabisa. Tangu zile sheria za 2004 za Michuki, aliyekuwa waziri wa uchukuzi, matatu hufungwa zisipite kilomita 80 kwa saa, sasa 80 huko Mariakani kweupe sawa, lakini Bombolulu kwenye watu sheria yasema 50, na hiyo mashine haijui kama iko Bombolulu ama Voi, yenyewe yajua 80 tu basi. Kwa 80 gari inakula mita 22 kila sekunde, yaani dereva akitupia simu jicho sekunde mbili asome meseji ya mpesa keshapita mita 44 hajaangalia mbele, na pale mbele kuna mama anavuka na beseni la viazi karai. Shirika la Afya Duniani lasema mtu wa miguu akigongwa kwa 65 badala ya 50, hatari ya kufa inapanda mara nne na nusu! Ulaya tangu Julai 2024 gari mpya zote lazima ziwe na mtambo unaojua spidi ya barabara uliyoko, ukizidisha unakupigia kelele, na mimi hiyo ndiyo gavana ningetaka kwa matatu za hapa. Kwa sasa simu yako yenye GPS inaweza kukuonyesha spidi, mwonyeshe makanga, ila usiseme peke yako utaambiwa ununue gari lako, semeni watatu wanne.

Gari yangu ni ya Japani, nimebadilisha kioo cha mbele na sasa kuna taa ya manjano haizimi, fundi asema niiache tu. – Mzee wa Tudor

Shikamoo mzee wangu. Usiiache. Kama kwenye dashibodi kuna maandishi ya Kijapani yanatokea na hiyo taa, yapige picha, simu itakutafsiria. Halafu chungulia juu hapo kwenye kioo cha kuangalia nyuma, ukiona kijikamera kimeelekea mbele basi huenda ndicho kinachowasha hiyo taa, maana ndicho kinachoona gari na watu na kushika breki chenyewe ukichelewa, na kioo kikibadilishwa lazima kipangwe upya kwa mashine. Tafuta fundi wa umeme mwenye hiyo mashine, na stika ya insurance usije ukaibandika mbele ya hicho kijikamera.

Niko boda Likoni, hizi pikipiki za ABS zina maana ama ni biashara? – Kijana

Zina maana. ABS ni mtambo wa breki, ukishika breki kwa ghafla tairi haijifungi, kwa hivyo kwenye lami ya mvua si rahisi kuburutwa. Ulaya aina mpya za zaidi ya cc 125 lazima ziwe nayo tangu 2016. Boda nyingi za hapa hazina, na kama pesa haitoshi kwanza nunua helmeti mbili nzuri, na ya abiria ivaliwe ifungwe kamba, sio kuning'inia kwenye saidi mira.

Karibu na shule yetu tuitishe taa za sensa ama bampu? – Mwalimu, Kisauni

Bampu kwanza, haitaki stima na haihongwi. Ila ipakwe rangi, ile isiyoonekana usiku yawaangusha watu wa boda.