Moyo unaovuja maji darasani: vali ziko wapi?

SWALI: Ninafundisha biolojia kidato cha pili katika shule ya kata, mkoani Singida. Tulipofika kwenye mada ya moyo nilinunua moyo wa ng'ombe buchani ili wanafunzi waone vali zikifanya kazi. Nilimimina maji kwa juu, yakatokea ubavuni na chini, kila mahali. Wanafunzi wakaniuliza kama vali hufa pamoja na mnyama, nikakosa jibu la uhakika. Halafu tukahesabu mapigo, wengine kwa kushika kifundo cha mkono, wengine kwa kuweka sikio kifuani mwa mwenzao. Kuna waliopata 72 na kuna waliopata 140, wote wamekaa tu. Nifanyeje ili mazoezi haya yatoke vizuri? Hatuna hata stetoskopu moja.

JIBU: Mwalimu, hongera kwa kuufikisha moyo wenyewe mezani. Mwanafunzi aliyeingiza kidole chake ndani ya aota, yaani ateri kuu inayotoka moyoni, hahitaji kukaririshwa kwamba ukuta wake ni mnene. Matatizo yako yote mawili yana sababu zinazojulikana, na yanarekebishika bila kununua kifaa chochote.

Kwanza wajibu wanafunzi: vali za yule ng'ombe hazikufa. Vali haijifungui wala kujifunga kwa nguvu zake yenyewe. Ni utando mwembamba na mgumu, na kinachousogeza ni damu. Shinikizo likizidi upande mmoja inafunguka, likizidi upande wa pili inajifunga. Ndiyo maana hata saa kadhaa baada ya mnyama kuchinjwa bado inazuia maji vizuri kabisa, mradi isiwe imekatwa.

Na hapo ndipo palipo na tatizo. Moyo wako ulikatwa kabla haujafika kwako. Machinjioni, mkaguzi wa nyama huupasua moyo wa ng'ombe kwa kisu ili kutafuta vifuko vya mabuu ya tegu, ambavyo hupenda kukaa kwenye msuli wa moyo. Ni kazi yake, na inatulinda sote. Ukifika buchani, muuzaji naye huondoa mishipa mikubwa na mara nyingi auriko zote mbili, yaani vyumba vya juu vya moyo, kwa sababu mteja anataka nyama. Kilichobaki ni ventrikali mbili, yaani vyumba vya chini, zenye mipasuko. Maji yatavuja tu.

Kwa zoezi la maji tumia moyo wa mbuzi au kondoo. Huu kwa kawaida haupasuliwi isipokuwa mkaguzi ameona dalili za ugonjwa. Nenda machinjioni siku moja kabla, umweleze mchinjaji kwamba unautaka kwa ajili ya somo: autoe ukiwa bado umeshikana na mapafu, asiguse mishipa, na ukaguliwe kama nyama nyingine. Ukipata na mapafu yake umepata faida ya ziada, kwani wanafunzi wataufuata kwa macho mshipa unaotoka moyoni hadi unapozama kwenye pafu.

Kabla ya maji, waache waushike. Waambie wabane pande zote mbili kwa vidole. Upande mmoja ni mgumu, hauingii ndani. Huo ni wa kushoto, na ncha ya chini ya moyo ni ya ventrikali ya kushoto. Upande wa pili unabonyea. Hapa ndipo wengi wanapochanganyikiwa na mchoro wa kitabuni, maana ukiuweka moyo mbele yako jinsi ulivyokaa kifuani, sehemu yake ya mbele ikikutazama, kushoto kwa moyo kuko mkono wako wa kulia. Usiharakishe hatua hii. Mwanafunzi aliyekosea pande hapa atakosea kila kitu kinachofuata. Mishipa nayo hujieleza kwa kuguswa: aota hubaki wazi hata ikiwa tupu, vena, zinazorudisha damu moyoni, hulala bapa.

Sasa maji. Kosa la pili, ambalo hata mwenye moyo mzima hulifanya, ni kumimina kwenye mshipa wowote unaoonekana. Anza na aota peke yake. Ikate ibaki sentimita tatu hivi juu ya moyo, suuza mabonge ya damu kwa maji ya baridi, kisha shika moyo wima na umimine maji taratibu ndani ya aota kutoka juu. Utaona vifuko vitatu vya vali ya aota vikijaa kama mifuko ya shati, kingo zake zikakutana katikati, na maji yakasimama. Mimina nje, geuza, rudia. Waite wanafunzi watatu watatu waangalie kwa juu, wengine wakiwamulikia kwa tochi ya simu. Hili ndilo tukio ambalo kitabu hakiwezi kulionyesha.

Angalia kwa makini zaidi na utaona kina cha maji yale kinashuka polepole. Usiseme kitu, waulize yanaenda wapi. Juu kidogo ya vifuko viwili kati ya vile vitatu kuna matundu madogo. Ingiza kijiti chembamba cha ufagio na utaona kinaelekea kwenye mishipa inayotambaa juu ya msuli wa moyo. Hizo ni ateri za koronari. Moyo umejaa damu ndani, lakini ukuta wake mnene haushibi kwa damu inayopita vyumbani. Unalishwa kwa matundu yale mawili. Yakiziba mafuta au bonge la damu, kipande cha msuli kinakufa, na hilo ndilo shambulio la moyo ambalo wanafunzi wamelisikia redioni.

Vali ya mitrali, iliyo kati ya auriko na ventrikali ya kushoto, inataka subira kidogo. Kata paa la auriko ya kushoto uone ndimi mbili za vali kutoka juu. Jaza ventrikali kwa kumimina maji kupitia hapo, mwombe mwanafunzi azibe aota kwa kidole gumba, kisha wewe bana ventrikali kwa kiganja. Ndimi zitavimba kwenda juu na kufunga njia. Zitavuja kidogo pembeni, ni kawaida, kwa sababu katika moyo ulio hai misuli midogo ya ndani hukaza na kuzishikilia. Moyo ukiwa umekakamaa sana hautabonyea. Uache hadi ulegee, au tumia uliogandishwa ukayeyuka.

Ndipo sasa upasue. Wewe mwenyewe ndiye ushike wembe. Chana ventrikali ya kushoto kutoka juu hadi kwenye ncha, ufungue. Nyuzi nyeupe nyembamba zinazounganisha ndimi za vali na misuli ya chini ndizo zinazozuia vali isipinduke kuelekea auriko. Waruhusu wazivute kwa kidole, watashangaa uimara wake. Kisha pima kuta kwa rula. Ukuta wa kushoto utakaribia mara tatu ya ule wa kulia. Waulize sababu kabla ya kuwaambia. Kwa binadamu mzima, upande wa kushoto husukuma damu kwa shinikizo la karibu milimita 120 za zebaki, maana inakwenda hadi kidole cha mguu na kupanda hadi ubongoni. Upande wa kulia huishia kama 25, kwani mapafu yako jirani.

Nakuomba usiipite vali ya mitrali haraka. Ndiyo inayoharibiwa zaidi na ugonjwa wa moyo wa rumatiki, na wanaoanza kuupata ni watoto wa umri wa kati ya miaka 5 na 15, yaani rika la wanafunzi wako na wadogo zao. Huanza na maambukizi ya koo ya bakteria aina ya streptokokasi. Yasipotibiwa, kwa baadhi ya watoto kinga ya mwili hugeuka na kushambulia vali. Ndimi ulizowaonyesha zikiwa nyororo huwa nene, hushikana, nyuzi hufupika, damu inarudi nyuma au inakwama. Wengine huishia kwenye upasuaji, Muhimbili kwenye Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete au hospitali nyingine kubwa, ilhali koo lile lingetibiwa kwa penisilini. Mwanafunzi aliyeishika vali ile atamwambia mama yake ampeleke mdogo wake zahanati.

Moyo wa ng'ombe bado una kazi, lakini kwa kupasua tu. Ni mkubwa, nyuzi zinaonekana hadi nyuma ya darasa. Na wembe ukigonga kitu kigumu karibu na shina la aota usishtuke: ng'ombe ana mfupa mdogo ndani ya moyo, pale vali zinapojishikiza. Binadamu hana.

Kuna zoezi jingine lisilohitaji hata nyama. Moyo wa mtu mzima aliyetulia husukuma takriban mililita 70 kwa pigo moja, na hupiga kama mara 70 kwa dakika. Waache wazidishe: karibu lita 5 kwa dakika, na kwa kipindi chenu cha dakika 40 ni lita 196, karibu pipa zima. Mwili wa mtu mzima una damu lita 5 hivi. Hizo nyingine zinatoka wapi? Kwa zaidi ya miaka elfu moja madaktari wa Ulaya, wakimfuata Galen, tabibu wa zama za Warumi, waliamini kwamba ini hutengeneza damu mpya kutokana na chakula na mwili huitumia ikaisha. Daktari William Harvey wa Uingereza alipiga hesabu ya aina hii, akaona hakuna mtu anayeweza kula kiasi hicho, na mwaka 1628 akaandika kwamba damu ni ileile inayozunguka. Ibn al-Nafis naye, tabibu wa Kiarabu wa karne ya 13, alikuwa ameshaeleza kwamba damu hutoka upande wa kulia kwenda kushoto kwa kupitia mapafuni. Mpe kila mwanafunzi bomba la sindano na ndoo mbili ahamishe mililita 70 mara 70 ndani ya dakika moja. Hakuna atakayemaliza.

Tuje kwenye mapigo. Ile 140 inanipa shaka kwamba waliohesabu kifuani wamehesabu sauti badala ya mapigo. Kila pigo lina sauti mbili: ya kwanza ni vali kati ya auriko na ventrikali zikijifunga, ya pili ni vali za aota na ateri ya mapafu. Gawa 140 kwa mbili unapata 70, ambayo ni ya kawaida kabisa, kwani kijana aliyetulia huwa kati ya 60 na 100. Walioshika kifundo cha mkono wahakikishe wanatumia kidole cha shahada na cha kati. Kidole gumba kina mapigo yake yanayoweza kuwachanganya. Wakikaa wahesabu sekunde 30 wazidishe kwa mbili, au dakika nzima. Baada ya kukimbia wahesabu sekunde 15 tu, palepale, kwa sababu mapigo huanza kushuka upesi. Wajue pia kwamba ukizidisha kwa nne, kosa la pigo moja linakuwa mapigo manne.

Asiyeamini kidole chake achomeke njiti ya kiberiti kwenye kidonge kidogo cha udongo wa mfinyanzi, akibandike pale mshipa unapogonga, alaze mkono mezani. Njiti itatikisika kwa kila pigo. Kuhusu stetoskopu, kunja karatasi ya manila iwe bomba. Hicho ndicho alichofanya daktari Mfaransa Laennec mjini Paris mwaka 1816 alipotafuta namna ya kumsikiliza mgonjwa bila kuweka sikio kifuani, na ndiko stetoskopu ilikotoka. Inawafaa pia wasichana na wavulana wasiopenda kugusana vifua.

Kabla ya kukimbia uliza faragha nani ana pumu, selimundu au tatizo la moyo; hao wawe watunza saa na waandishi. Wanaoshika moyo wavae glavu au mifuko safi ya nailoni, na wote wanawe kwa sabuni. Ukishafika kwenye meza ya maabara moyo ule si kitoweo tena. Usimpe mbwa mabaki, hasa ikiwa ulichukua na mapafu, kwa sababu minyoo inayosababisha vivimbe vya hidatidi huzunguka kwa njia hiyohiyo kati ya mbwa, mifugo na watu. Chimba shimo refu nyuma ya maabara, fukia, shindilia.