Barua kwa Wambui, kuhusu nyani na kile cheo

Wambui mama,

Barua yako nimeipata, na ile makala ya nyani nimeisoma mara mbili. Unauliza kama ukubali kuwa msimamizi, maana Robert Sapolsky, aliyeanza kufuatilia nyani wa Maasai Mara mwaka 1978, alipima damu yao akakuta madume wa chini ndio wenye kotisoli nyingi, ile homoni ya msongo. Basi, unasema, heri kupanda.

Lakini ulisoma mpaka mwisho? Ni hivyo kundi likiwa limetulia. Vyeo vikianza kuyumba, wakubwa nao hawalali. Na watafiti wa nyani wa Amboseli, walioandika mwaka 2011, walikuta dume namba moja ana msongo kumshinda namba mbili. Nyani hawatakuamulia.

Mimi nilikwama kwingine. Dume akishapigwa harudi kwa aliyempiga. Anatafuta mdogo wake. Huyo naye anatafuta jike, na jike anamgeukia mtoto.

Siku ile ya magunia kulowa, meneja alimfokea msimamizi wetu mbele ya madereva. Msimamizi akashuka uani, akanivua kofia, akaitupa mtaroni, akaniambia niiokote. Nikaiokota. Nilitembea kwa miguu mpaka nyumbani Langalanga nikidhani hasira itaishia njiani. Nafika, Kamau kamwaga maziwa. Kilichofuata unakijua, ulikuwa umesimama mlangoni na kijiko mkononi. Mama yenu hakusema neno. Alichukua kitambaa akapangusa sakafu, ikakauka, na bado anapangusa. Kamau siku hizi huisimulia akicheka. Mimi sicheki.

Nimewaambia tangu mkiwa wadogo: anayempiga mdogo kapigwa kwingine. Hicho si kisingizio. Au labda ndicho, kwa kuwa hapa nyumbani ni mimi ninayeisema sana.

Halafu kuna lile kundi la msituni la Sapolsky. Madume wakali walikwenda kugombania makombo kwenye jalala la hoteli ya watalii, wakala nyama yenye kifua kikuu, wakafa, katikati ya miaka ya 1980. Wakabaki majike na madume wapole. Miaka kama 10 baadaye madume wote walikuwa wageni waliohamia hapo, lakini nao walikuwa wameshika upole wa wenyeji, na hata wa chini kabisa hawakuwa na ule msongo. Alichapisha hayo mwaka 2004. Hapo nilivua miwani. Kumbe mahali panaweza kubadilika! Kisha nikajijibu: wewe mzee, wale wakali hawakubadilika, walikufa.

Sasa nikwambie ukubali? Huyo mkubwa wenu akitoka kufokewa, wewe ndiye atakayekukuta kwanza kabla hajawafikia wale vijana wa stoo. Utaweza kuimeza hasira yake ikaishia kwako? Mimi sikuweza. Lakini wewe si mimi, kwa hili umefuata mama yako... Basi, nanyamaza, nilijiapia sitakuamulia.

Kamau anakuja Jumamosi kutazama tanki linalovuja. Njoo naye. Na usimwambie nimeandika habari ya maziwa.

Baba yako