Jibu: Taiwo na Kehinde ni majina ya ukoo?

Ndugu, asili yake si ukoo. Hayo ni majina ya mapacha wa Kiyoruba, huko Nigeria: anayetangulia kuzaliwa ni Taiwo, anayefuata ni Kehinde. Utamu wenyewe ni kwamba Kehinde ndiye huhesabiwa mkubwa! Husemwa alimtuma Taiwo akaionje dunia kwanza, na anayetumwa siku zote ni mdogo. Atakayezaliwa baada yao ni Idowu.

Waigbo, watu wengine wa Nigeria, wao walitoa majina kwa kufuata siku za soko, na wiki yao ni ya siku nne tu: Eke, Orie, Afo na Nkwo. Humo ndimo walimotoka akina Okeke, Okorie, Okafor na Okonkwo, ingawa siku hizi mengi hurithiwa tu. Kwa Wahausa, nao wa huko huko, utajihisi nyumbani: Danjuma ni mtoto wa Ijumaa, kama Juma wetu.