Betri mpya, pikipiki bado haiwaki: pima kabla ya kununua kifaa kingine

Ndugu, umeeleza kwamba umeweka betri mpya, unaichaji usiku na asubuhi pikipiki inawaka vizuri, lakini baada ya safari ya saa moja ukiwa umewasha taa, ukibonyeza stata unasikia mlio wa relei tu. Nakusihi usinunue betri nyingine. Dalili hizo zilinikuta mimi pia. Nilibadilisha betri mara mbili na rektifaya (kifaa kinachogeuza umeme wa injini uweze kuchaji betri na kudhibiti volti zake) mara moja, kumbe tatizo lilikuwa kwenye konekta moja iliyojificha chini ya kiti.

Anza na betri ikiwa imepumzika kwa saa kadhaa. Betri nzima ya asidi ya volti 12 husoma takriban volti 12.6 hadi 12.8, ikiwa chini ya 12, ichaji kwanza, kwa sababu vipimo vinavyofuata vitakudanganya. Kisha gusisha ncha za mita ya kupimia umeme kwenye vichwa vya betri vyenyewe, si kwenye boliti wala kwenye waya, na mtu mwingine abonyeze stata. Volti zikiporomoka chini ya 9.5 hivi, betri imechoka. Zikibaki juu ya 10 na stata bado inazunguka kwa shida, umeme unapotelea njiani.

Mara nyingi unapotelea kwenye athi, yaani njia inayounganisha hasi ya betri na chuma cha injini na bodi. Weka ncha moja kwenye kichwa cha hasi na nyingine kwenye chuma kitupu cha injini, halafu bonyeza stata: mita ikifika nusu volti, fungua boliti ya waya wa athi, ondoa kutu na rangi kwa msasa mpaka chuma king'ae, kisha ukaze upya. Mafundi wengi hukiruka kipimo hiki kwa kuwa waya unaonekana mzima na mita inalia wanapoujaribu kama umeungana. Mlio huo hautoshi, kwani mita hupitisha umeme mdogo mno, ilhali stata huvuta makumi ya ampea, na waya uliobakiwa na nyuzi chache za shaba hauwezi kuubeba mzigo huo.

Hata hivyo, kwa maelezo yako, mimi nashuku chaji zaidi. Washa injini, ipandishe hadi mizunguko 5,000 hivi kwa dakika huku taa zikiwaka, na upime betri tena. Pikipiki nyingi huonyesha kati ya volti 13.5 na 14.5. Zikizidi 15, rektifaya imeshindwa kudhibiti. Zikibaki 12 na kitu, betri inatumika bila kurudishiwa chochote. Hapo zima injini na uchomoe konekta ya koili ya chaji, ambayo kwa kawaida ina nyaya tatu za manjano. Hakikisha hakuna waya hata mmoja unaogusana na bodi, kisha washa injini na upime umeme geu (AC kwenye mita) kati ya kila jozi ya nyaya hizo. Jozi zote tatu zinapaswa kulingana. Zikitofautiana sana, koili imeungua.

Koili yangu ilifaulu vipimo vyote hivyo, na ndiyo maana nilihangaika kwa muda mrefu. Siku moja, nikiwa nimetoka safarini na kuzima injini, niligusa konekta ile nikalazimika kuondoa kidole upesi. Nilipoifungua, plastiki nyeupe kwenye tundu moja kati ya matatu ilikuwa imegeuka rangi ya chai ya mkandaa, pini ilikuwa imelegea, na ganda la waya ule lilikuwa gumu kiasi cha kuvunjika nilipolikunja. Kiungo kilicholegea hupata joto, joto huilegeza pini zaidi, na kadiri safari inavyorefuka ndivyo chaji inavyopungua. Nilikata waya mpaka nikafikia shaba inayong'aa, nikaweka pini na konekta mpya, na mita ikapanda hadi volti 14.1 taa ikiwaka.

Fyuzi ikikatika, usiweke kubwa zaidi, maana utaunguza nyaya. Zungusha pia usukani kushoto na kulia huku ukitazama taa, kwa sababu nyaya hukatikia shingoni ndani ya ganda lisilo na alama yoyote.

Nitajie namba tatu: volti za betri ikiwa imepumzika, wakati wa kubonyeza stata, na injini ikiwa kwenye mizunguko 5,000. Nikizipata, nitakuelekeza ufungue wapi kwanza.