Re: Moyo kwenda mbio kwenye feri ya Likoni

Pole dadangu. Umesema kila ukiteremka kupanda feri moyo unakwenda mbio na vidole vinakufa ganzi, daktari kakupima moyo kaukuta mzima, na sasa unauliza mshauri nasaha atakufaa nini "kwa maneno matupu".

Kwanza, hujidanganyi. Mwili umedhani kuna hatari ukamwaga adrenalini, homoni ya kuuweka mwili tayari kukimbia. Ile ganzi ya vidole huja kwa kuhema harakaharaka, kaboni dayoksaidi, ile hewa tunayoitoa tukipumua, ikatoka mwilini kupita kiasi. Inatisha, lakini mara nyingi hofu hufika kilele ndani ya dakika kumi, kisha hushuka.

Mimi langu lilikuwa daraja la Nyali. Nilikuwa nashuka matatu Kongowea, nasimama pale kwenye wauza nyanya najifanya napiga simu! Mshauri hakunipa mawaidha. Alinipa daftari: andika ulichokiwaza sekunde ile ile. Niliandika "nitaanguka nife". Tukaanza kulihoji wazo hilo, kisha kulijaribu kidogo kidogo: leo kulitazama daraja tu, wiki ijayo kuvuka na kaka yangu, halafu peke yangu. Sharti ni kutokimbia mpaka hofu ishuke yenyewe. Njia hii ya kuyahoji mawazo ilianzishwa na daktari Aaron Beck, Marekani, miaka ya 1960. Wiki za mwanzo ni ngumu, sikufichi.

Shangazi yako akitaka usomewe kwa sababu ya jini, somewa. Dua haimzuii mtu kwenda kliniki. Hospitali ya Port Reitz, hapo Mombasa, wana huduma za afya ya akili, anzia hapo. Na punguza kahawa chungu ya jioni, hiyo nayo huchochea moyo.